Mteja Mkubwa Ameuliza Kuhusu Kaboni? Anza na Stetimenti Yako

Tuseme una bekari ndogo pale Nakuru. Kwa miaka mitatu umekuwa ukiiuzia mkate supamaketi moja ya mjini. Mwezi huu, pamoja na oda, wamekutumia fomu mpya. Swali la nne linauliza: biashara yako hutoa kilo ngapi za kaboni kwa mwezi? Na fomu irudi kabla mkataba haujaandikwa upya.

Wengi wakiona swali kama hilo huacha nafasi wazi, ama wanaandika namba yoyote. Yote mawili ni hatari. Ukiacha wazi, mwenzako aliyejaza anaweza kupewa oda yako. Ukibuni namba, siku moja utaulizwa umeitoa wapi.

Kumbe sehemu kubwa ya jibu unayo kwenye simu. Kila mara ulipolipia mafuta, gesi au tokeni za stima kwa simu, rekodi ilibaki. Somo la leo linakuonyesha jinsi ya kugeuza rekodi hizo kuwa hesabu ya kaboni, na jinsi hesabu hiyo inavyokuonyesha pesa zako zinavuja wapi.

Kwa nini wanauliza?

Ukichoma petroli, dizeli, gesi au makaa, unatoa hewa ya ukaa, ambayo wengi tunaiita kaboni tu. Hewa hii ikizidi angani, dunia inapata joto na misimu ya mvua inaharibika. Kenya ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi tangu 2016, na mwaka wa 2020 nchi iliahidi kwamba kufikia 2030 itakuwa imepunguza hewa hizi kwa asilimia 32, ikilinganishwa na vile zingekuwa kama hakuna hatua iliyochukuliwa.

Kampuni kubwa hupima kaboni yake katika makundi matatu. La kwanza ni mafuta na gesi inayochoma yenyewe. La pili ni stima inayonunua. La tatu ni kila kitu kingine kinachoifanya biashara iende, pamoja na bidhaa inazonunua kwa watu wengine. Hapo ndipo wewe unaingia. Mkate wako uko kwenye kundi la tatu la supamaketi, kwa hivyo haiwezi kumaliza hesabu yake bila kukuuliza.

Hatua ya 1: Toa stetimenti ya mwezi mmoja

Pakua stetimenti ya mwezi uliopita. Pitia malipo yote ukiweka alama kwenye vitu vinne: mafuta ya gari au pikipiki, mafuta ya jenereta, gesi ya kupikia, na tokeni za stima.

Hapa wengi hukwama kwa sababu pesa ya nyumbani na ya biashara zimechanganyika. Je, ile petroli ya Jumapili ilikuwa ya kusambaza mkate ama ya kwenda harusini? Kama una till ya biashara, lipia gharama za biashara kutoka hapo pekee. Ukilipa kwa pesa taslimu, omba risiti. Malipo yasiyo na rekodi hayatahesabiwa, na hesabu yako itaonekana ndogo kuliko ukweli.

Hatua ya 2: Geuza shilingi kuwa lita, kilo na uniti

Kaboni haihesabiwi kwa shilingi. Bei ya mafuta hubadilika kila EPRA inapotangaza bei mpya tarehe 14 ya mwezi. Ukitumia Sh5,000 mwezi huu na Sh5,000 mwezi ujao, huenda hukununua lita zilezile.

Kwa hivyo gawanya pesa uliyolipa kwa bei ya lita siku hiyo. Kwa gesi, hesabu mitungi na uzito wake. Stima ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu ujumbe wa tokeni hukuandikia uniti ulizopata. Usiufute ujumbe huo ukishaingiza namba kwenye mita.

Hatua ya 3: Zidisha

Hizi ndizo namba za kukadiria za kuweka kwenye daftari lako:

- Lita 1 ya petroli hutoa kilo 2.3 za kaboni.
- Lita 1 ya dizeli hutoa kilo 2.7.
- Kilo 1 ya gesi ya kupikia hutoa kilo 3.
- Uniti 1 ya stima ya gridi ya Kenya, tuiweke kilo 0.1.

Labda unashangaa: mafuta ya lita moja hayafiki hata kilo, yanatoaje kilo mbili na zaidi? Ni kwa sababu yakiungua, kaboni iliyo ndani yake hushikana na oksijeni ya hewani, na uzito wa oksijeni huongezeka juu.

Sasa turudi kwa bekari yetu ya mfano. Mwezi uliopita ilitumia hivi:

- Gesi ya oveni, mitungi 4 ya kilo 50: 200 × 3 = kilo 600
- Dizeli ya pikapu, lita 180: 180 × 2.7 = kilo 486
- Petroli ya jenereta, lita 40: 40 × 2.3 = kilo 92
- Stima, uniti 900: 900 × 0.1 = kilo 90

Jumla ni kilo 1,268. Kama bekari ilioka mikate 10,000, basi kila mkate una gramu 127 hivi. Andika namba zote mbili. Biashara ikikua, jumla inaweza kupanda hata kama umefanya kazi nzuri, lakini namba ya kila mkate itaonyesha kama kweli unaboresha.

Hesabu inasema nini?

Angalia mistari miwili ya mwisho tena. Lita 40 za jenereta zimetoa kaboni sawa na uniti 900 za stima. Na jenereta ndogo hukupa kama uniti 2 tu kwa lita, yaani uniti 80 kwa mwezi mzima.

Sababu iko kwa stima yetu. Karibu tisa ya kumi ya stima ya Kenya hutoka kwa vyanzo visivyochoma mafuta: mvuke wa ardhini pale Olkaria karibu na Naivasha, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Ziwa Turkana wenye mitambo ya megawati 310, na jua. Nchi zinazochoma makaa ya mawe huambiana, “Zima taa upunguze kaboni.” Kwetu, kuzima taa kunasaidia bili, lakini kaboni nyingi iko kwa kile unachochoma mwenyewe: mafuta na gesi.

Na pesa je? Tukichukua petroli kuwa Sh180 kwa lita, zile uniti 80 za jenereta zimekugharimu Sh7,200. Hiyo ni Sh90 kwa uniti moja. Linganisha na bei uliyolipa kwenye tokeni yako ya mwisho, halafu uamue kama jenereta inafaa kuwashwa kwa ajili ya taa na redio.

Hatua ya 4: Punguza, ukianza na kisichohitaji mtaji

Pikapu. Ilikuwa ikitoka mara mbili kwa siku, ikifuata oda jinsi zinavyopigiwa simu. Weka saa ya mwisho ya kupokea oda, panga njia moja, angalia upepo wa magurudumu. Ukipunguza robo, umeokoa lita 45, ambazo ni kilo 121.5 za kaboni. Dizeli ikiwa Sh170, hiyo ni Sh7,650 mfukoni.

Jenereta. Betri ndogo yenye inveta inaweza kubeba taa na simu stima ikipotea, jenereta ibaki kwa mashine ya kukanda. Ukishuka hadi lita 20, umeokoa kilo 46 na Sh3,600.

Oveni. Oka mfululizo ikiwa imeshika moto badala ya kuiacha ipoe na kuiwasha upya. Badilisha mpira wa mlango ukichakaa. Kuokoa kilo 20 za gesi ni kilo 60 za kaboni.

Jumla umepunguza kilo 227.5, karibu asilimia 18. Kila mkate sasa una gramu 104. Na kwa mafuta pekee umebakisha Sh11,250 kwa mwezi. Ukiweka pesa hizo kando, ndizo zitakazolipia hatua kubwa baadaye, kama vile sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, au pikipiki ya stima kwa oda za karibu.

Kama biashara yako si bekari

Una bucha au duka la maziwa? Muulize fundi wa friji kuhusu gesi ya kupoza. Gesi iitwayo R-134a, inayotumika kwenye friji nyingi, huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Friji inayojazwa gesi kila baada ya miezi michache inavuja. Kuziba mahali panapovuja ni bora kuliko kujaza tena na tena.

Una hoteli ya makaa? Andika magunia pia. Hesabu yake hutegemea kama miti iliyokatwa imepandwa tena, kwa hivyo iweke kwenye mstari wake na umwambie mteja ni makaa ya wapi. Jiko lenye udongo ndani hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu, na hilo utaliona haraka kwenye matumizi yako ya makaa.

Je, ninunue kredi za kaboni?

Kredi moja husimamia tani moja ya hewa ya ukaa iliyopunguzwa au kuzuiwa mahali pengine. Kazi ya kweli ipo: kule Gazi, Kaunti ya Kwale, wanajiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilinda mikoko na kuuza kredi kwa zaidi ya miaka kumi, na mapato husaidia mambo kama maji na shule. Lakini kredi inakuja mwisho. Kuinunua ukiwa bado unapoteza lita 45 njiani ni kulipa mara mbili.

Na hapa tunakuonya. Mahali neno jipya lina pesa, matapeli hawako mbali. Ukipata ujumbe wa “wekeza Sh1,000 kwa kaboni upate mara tatu,” ama simu ya mtu anayetaka “ada ya usajili wa kaboni” itumwe kwa nambari yake binafsi, usitume. Kuhesabu kaboni yako kwa daftari hakuhitaji ada kwa mtu yeyote. Na hakuna fomu ya kaboni inayohitaji PIN yako.

Zoezi la wiki hii

1. Toa stetimenti ya mwezi uliopita na uweke alama kwa mafuta, gesi na tokeni.
2. Geuza kila malipo kuwa lita, kilo au uniti, kisha uzidishe kwa namba tulizokupa.
3. Gawanya jumla kwa idadi ya bidhaa ulizouza.
4. Chagua mstari mmoja ulio mkubwa na uandike kitu kimoja utakachobadilisha mwezi huu.
5. Tarehe ileile mwezi ujao, rudia.

Ukifanya hivyo miezi mitatu mfululizo, fomu ikija utaijaza kwa dakika chache. Wakikuuliza namba umeitoa wapi, utafungua daftari lako na stetimenti yako, uwaonyeshe.