Nengonengo ya chupa: zidisha miche, usipoteze dawa

Dawa ya nengonengo iko mizizini, na hapo ndipo ulipo msiba wake. Mti huu wa miombo ya Unyamwezi (Securidaca longepedunculata) ukichimbwa mizizi kila mara hukauka, na mbegu zake huota kwa kusuasua. Njia ya tishu, yaani kukuza vipande vidogo vya mmea kwenye chupa za maabara, imekwisha zoeleka kwenye migomba, na hapa yafaa kujaribiwa. Lakini chupa haichagui: ukiipa mama dhaifu, itakuzalishia dhaifu kwa mamia.

1. Chagua mama

Usitegemee mti mmoja. Tafuta kumi au zaidi iliyoko maeneo mbalimbali ya Tabora: Sikonge, Urambo, Uyui. Mshirikishe mfumu (mganga wa jadi) anayeijua miti hiyo, na kwa ile ya hifadhini omba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kila mti upe namba, piga picha ya maua yake ya zambarau, na kausha majani machache kwa silika jeli. Hayo ndiyo ushahidi wako wa vinasaba. Kwaruza kijizizi kimoja, kitanukia kama dawa ya kuchua misuli. Harufu hiyo ni ya methili salisilati. Usionje, mizizi ina sumu.

2. Safirisha upesi

Maabara za tishu ziko mbali, kama za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Mikocheni, Dar es Salaam. Ni safari ya kufuata njia ya misafara ya kale kuelekea pwani, na kichipukizi hakiivumilii kwenye joto la basi. Kata vichipukizi laini mvua zinapoanza, punguza majani, vifunge kwenye gazeti lenye unyevu, uviweke kwenye kasha la baridi bila kugusa barafu. Wapigie simu maabara kwanza, wawe tayari kuvipokea.

3. Ingiza chupani

Kata vipande vya sentimita 1 hadi 2, kila kimoja na jicho lake. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tumbukiza kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa sekunde 30, kisha sodiamu haipokloraiti ya asilimia 1 kwa dakika 10 hadi 15. Suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa.

Anzia na lishe ya Murashige na Skoog: sukari gramu 30 kwa lita, agari gramu 7 hadi 8, pH 5.8, homoni ya BAP miligramu 0.5 hadi 1. Hivyo ni vipimo vya kuanzia. Jaribu na vingine. Kipande kikitoa rangi ya kahawia, kihamishie lishe mpya mara moja.

4. Linda na pima vinasaba

Machipukizi yatoke kwenye jicho moja kwa moja. Donge la seli lisilo na umbo ndilo huleta miche iliyogeuka, na homoni nyingi huongeza hatari hiyo. Hamisha chupa kila baada ya wiki 4 hivi. Ikifika mizunguko minane, anza upya kutoka kwa mama.

Njiani chukua sampuli za kila ukoo, yaani machipukizi ya mama mmoja, uzilinganishe na majani ya mama kwa alama za vinasaba za ISSR, zinazosomwa kama mistari kwenye jeli ya maabara. Mstari mgeni ukitokea, rudia kipimo. Ukibaki palepale, tupa ukoo wote wa chupa hiyo. Mistari ikilingana, bado usijiamini mno: alama hizo hugusa sehemu ndogo tu ya vinasaba. Kagua umbo la majani, na mizizi ikinenepa, pima methili salisilati kwa mashine ya kromatografia.

5. Zoesha na panda

Machipukizi yakishaota mizizi chupani, osha agari yote mizizini, panda kwenye mchanga uliochomwa, funika kwa nailoni, kisha ifunue kidogo kidogo kwa wiki 3 au 4. Panga hesabu zako ili miche ifike shambani Desemba. Kiangazi cha Tabora hakina huruma. Changanya koo shambani, ili ugonjwa mmoja usifagie zote. Na mche usio na namba ya mama usiupande, hata kama umenawiri kuliko yote.