Kabla ya Kufunga Magurudumu ya Pembeni: Pikipiki ya Magurudumu Matatu Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Mtu akiona pikipiki iliyoongezewa magurudumu mawili ya pembeni, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba sasa haiwezi kuanguka. Fikra hiyo ndiyo tunayotaka kuichunguza katika somo hili, kwa sababu ni kweli pikipiki ikiwa imesimama, lakini si kweli ikiwa inakata kona kwa kasi katika mteremko wa Kibosho au Marangu.

Wanaohitaji magurudumu hayo si wapenda mapambo. Wengi wao ni wazee ambao goti au nyonga haziwaruhusu tena kuitegemeza pikipiki kwa mguu mmoja, watu wenye ulemavu wa miguu, na wasafiri wa safari ndefu wanaobeba mizigo mizito. Kwa mstaafu anayeishi Uru, seti hii ndiyo inayoamua kama atashuka mwenyewe hadi soko la Mbuyuni na kurudi, au atakaa barazani akisubiri kubebwa. Kwa sababu hiyo hatuandiki kumkatisha mtu tamaa, bali ili fedha aliyoidunduliza impatie chombo kitakachomfikisha.

Aina mbili zinazochanganywa

Ziko njia mbili za kuigeuza pikipiki. Ya kwanza ni kuondoa kabisa gurudumu la nyuma na kuweka ekseli yenye magurudumu mawili, ambayo huendeshwa kwa mnyororo au kupitia difu, kama zilivyo toyo za kubebea mizigo. Ya pili ni kuliacha gurudumu la nyuma mahali pake na kufunga kwa bolti, chini ya fremu, mhimili unaobeba gurudumu moja kila upande. Watu huiita hii ya pili pikipiki ya magurudumu matatu pia, ingawa ukihesabu utapata manne. Tutazungumzia zaidi hii ya pili, kwa kuwa ndiyo inayofungwa bila kuikata pikipiki, na inaweza kufunguliwa mmiliki akitaka kuirudisha katika hali yake ya awali.

Tofauti kati ya hizo mbili ina maana kubwa barabarani. Katika seti ya kufunga kwa bolti, gurudumu la katikati ndilo peke yake linalosukuma chombo, na mara nyingi ndilo peke yake la nyuma lenye breki. Magurudumu ya pembeni hubeba sehemu ya uzito na kuzuia kulala. Hayasukumi wala hayashiki. Kila kilo inayohamia pembeni imeondoka juu ya gurudumu linalofanya kazi. Msomaji akilikumbuka jambo hilo, sehemu kubwa ya somo hili ataielewa hata kabla hatujaieleza.

Unaponunua

Uliza kwanza kama seti ilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki ya aina yako. Mhimili uliokusudiwa pikipiki kubwa ya safari, yenye fremu pana na injini yenye nguvu, hauwi salama juu ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125 kwa sababu tu fundi amepata matundu ya kuufungia. Uzito wa seti yenyewe ni mzigo ambao injini na breki hazikupangiwa kuubeba, na unapaswa kutolewa katika uzito wa mizigo na abiria unaoruhusiwa.

Pili, angalia namna inavyoshikana na fremu. Seti nzuri hushika fremu sehemu kadhaa, mbele na nyuma, kwa bolti nene zenye alama ya daraja la uimara kichwani na nati zisizolegea kwa mtikisiko. Tunashauri umkatalie fundi anayetaka kuchomelea vyuma moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki. Joto la kuchomelea hubadilisha sifa za chuma pembeni mwa kiungo, na ufa huanza hapo hapo, chini ya rangi, mahali usipoweza kuuona. Mafundi wetu wa Moshi wana mikono yenye ujuzi, na pengine seti iliyotengenezwa hapa hapa itakufaa kuliko iliyoagizwa nje. Hata hivyo, ujuzi wa kutengeneza geti na ujuzi wa kutengeneza kitu kitakachobeba uhai wa mtu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni mambo mawili tofauti. Mwombe fundi akuonyeshe kazi yake ya mwaka uliopita, siyo ya wiki iliyopita.

Kama mguu wa kulia wa mwendeshaji hauna nguvu, breki ya nyuma italazimika kuhamishiwa mkononi. Kama ni wa kushoto, gia nazo zitahitaji mkono wa chuma. Mabadiliko haya yajaribiwe uwanjani, mwendeshaji mwenyewe akiwa amekaa, kabla fedha ya mwisho haijalipwa. Mkono wa breki urudi wenyewe unapoachiwa. Iwapo mwendeshaji hana hisia miguuni, bomba la moshi lifunikwe kwa kinga, na miguu iwekewe sehemu ya kuikalia yenye ukingo. Mtu asiyehisi huungua bila kujua, na huligundua jeraha akishafika nyumbani.

Tatu, kadi. Usajili wa vyombo vya moto uko chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na chombo kilichobadilishwa umbo hakilingani tena na maelezo yaliyomo kwenye kadi yake. Toa taarifa kabla ya kukiingiza barabarani, na uliza pia daraja la leseni linalohitajika, kwa kuwa la magurudumu mawili na la magurudumu matatu si moja. Kampuni ya bima nayo iandikiwe barua. Bima iliyokatwa kwa ajili ya pikipiki ya kawaida inaweza kukataliwa siku ya ajali, ambayo ndiyo siku pekee uliyoinunulia.

Kujifunza upya

Anayejua pikipiki vizuri ndiye anayepata shida zaidi siku ya kwanza. Pikipiki ya magurudumu mawili huingia kwenye kona kwa kulala, na mikono ya dereva mzoefu hufanya hivyo bila kuulizwa. Yenye magurudumu ya pembeni hailali. Huelekezwa kwa usukani, kama bajaji, na mwili wa dereva ndio unaopaswa kuinamia upande wa ndani wa kona. Ukiingia kwa kasi, uzito hukimbilia gurudumu la nje na la ndani huanza kupanda. Ukishika breki wakati huo huo, uzito huja mbele, mahali penye gurudumu moja tu, na chombo hupinduka kwa mshazari. Basi punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake.

Kuna desturi nyingine ya kuiacha: kutoa mguu chini unaposimama. Kwenye pikipiki hii, gurudumu la pembeni lipo nyuma ya kisigino chako. Chombo kikisogea mbele kidogo, kinaukanyaga mguu uliouweka chini kwa mazoea. Miguu ikae kwenye vikanyagio mpaka chombo kisimame kabisa na breki ya kuegesha iwe imefungwa.

Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yamwagike pembeni. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, chombo kisicholala huvutwa kushoto muda wote, kuelekea kwenye mtaro. Huo si ubovu. Lakini mikono ya mzee huchoka, na safari ya Moshi hadi Himo, ambayo zamani hakuihesabu kuwa safari, itamtaka apumzike njiani.

Kupanda na kushuka

Moshi mjini kupo katika mwinuko usiofika mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu limepita mita 1,800. Umbali kati yake haufiki kilomita 50, na sehemu kubwa ya kupanda ipo baada ya Himo. Hakuna seti iliyobuniwa kwa nchi tambarare ambayo haitajaribiwa hapo.

Wakati wa kupanda, tatizo ni gurudumu la katikati kukosa uzito. Springi za magurudumu ya pembeni zikiwa ngumu kupita kiasi, zinaibeba pikipiki, na tairi linalosukuma linazunguka bure, hasa katika udongo mwekundu wa vijijini wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Hali huwa mbaya zaidi njia inapokatwa na mfongo au mtaro. Magurudumu ya pembeni hukaa juu ya kingo mbili na la katikati huning'inia katikati ya shimo. Injini inanguruma, chombo hakiendi, na pengine huanza kurudi nyuma, kwa kuwa gurudumu lenye breki haligusi ardhi. Hapo breki ya mbele peke yake haitoshi kukizuia katika mwinuko mkali. Vuka vizuizi vya namna hiyo kwa mshazari, polepole, ili magurudumu yapite moja baada ya jingine. Kama njia ya nyumbani kwako ina mfongo usiokwepeka, weka daraja la mbao au zege kabla ya kununua seti, kwa maana bila hilo utakuwa umenunua chombo cha kuishia njia panda.

Springi zirekebishwe namna hii. Pikipiki isimame kwenye sakafu iliyo sawa, mwendeshaji akiwa amekaa na mzigo wake wa kawaida. Mtu mwingine aisukume kwa ubavu kwa mkono mmoja. Ikiyumba kidogo na kurudi, ni sawa. Ikilala, springi ni laini mno. Isipotikisika hata kidogo, kaguliwe gurudumu la katikati: kuna uwezekano mkubwa kwamba linagusa sakafu kwa ncha tu.

Kushuka kunahitaji subira. Breki za ngoma zinazokamata mfululizo kwa kilomita kadhaa hupata joto na kupoteza nguvu, na sasa zinauzuia uzito mkubwa kuliko ule zilizotengenezewa. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, uiache injini ikushike, na uguse breki kwa vipindi. Wapo wanaozima injini au kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Hao, kwa bei ya nusu lita, wameiachia breki kazi yote.

Kuegesha kwenye mteremko ni somo lake lenyewe. Chombo hiki hakilali kwenye stendi, kwa hiyo hakina kinachokizuia kubingirika. Kiwe na breki ya kuegesha. Kizimwe kikiwa gia ya kwanza. Na jiwe liwekwe chini ya gurudumu. Jiwe hilo lifungwe kamba na kubebwa. Usilitegemee la kuokota.

Usiku, anayekuja nyuma huona taa moja na kudhani ni pikipiki nyembamba. Weka viakisi vyekundu nyuma ya kila gurudumu la pembeni, na vyeupe mbele, ili upana wako uonekane. Na kwa kuwa chombo kinaonekana imara, majirani wataomba kupanda watatu. Mishkaki ni hatari kwa magurudumu mawili, na kwa haya ni hatari vilevile.

Matunzo

Kazi ya kwanza ni nati. Baada ya kilomita 50 za mwanzo, zikazwe zote kwa spana yenye kipimo, kwa kiasi alichoandika mtengenezaji. Zirudiwe baada ya kilomita 200, kisha kila mwezi. Ukishakaza, chora mstari mwembamba wa rangi unaopita juu ya nati hadi kwenye chuma kinachoishika. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukufanyia ukaguzi huo kila asubuhi.

Matairi ya pembeni yakiisha upande mmoja, magurudumu hayako sambamba. Pima kwa futi ya utepe umbali kati yake kwa mbele, kisha kwa nyuma, katika kimo cha ekseli. Vipimo viwili vilingane. Tairi la katikati litaisha kifuani na kuwa bapa kwa kuwa halilali tena, na hilo ni la kawaida. Upepo ujazwe kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kiasi cha kujaza.

Beringi za pembeni zipo karibu na ardhi, na hupokea matope ya masika na vumbi la kiangazi. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, au likinguruma unapolizungusha, beringi ibadilishwe. Grisi pekee haitaiponya. Osha mhimili kabla ya kuukagua, na utazame kwa tochi penye kila kiungo kilichochomelewa. Mstari mwembamba wa kutu unaotokea kwenye rangi nzima mara nyingi ndio ufa wenyewe.

Kasoro ikijitokeza

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora na matumizi ya bidhaa. Aliyekuhakikishia kwamba seti inafaa pikipiki yako na mteremko wa kwako hawezi kukugeuka kirahisi, mradi uwe na ushahidi. Dai risiti, na juu yake au kwenye karatasi nyingine yaandikwe aina ya pikipiki, namba ya chasisi, jina la aliyefunga na muda wa dhamana. Malalamiko yapelekwe kwanza kwa muuzaji kwa maandishi, kisha kwa Tume ya Ushindani. Yanayohusu ubora wa bidhaa yenyewe yapokelewa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chuma kikivunjika, usikubali muuzaji akichukue kwa ahadi ya kukitengeneza kabla hujakipiga picha kikiwa bado kimefungwa mahali pake, na bolti zilizokatika zihifadhi kwenye mfuko wenye tarehe.