Ndoa Inayovuka Mpaka: Somo kwa Mume na Mke



Katika Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe, ndoa ya watu wa nchi mbili si jambo geni. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Wakonzo wana ndugu zao ng'ambo ya mto Lubiriha, katika Kongo. Mutukula nako, familia za Uganda na Tanzania zimeoana tangu enzi za mababu. Posa hupelekwa kwa miguu, mahari huvushwa mchana kweupe, na siku ya harusi hakuna anayemwuliza mgeni wake pasi.

Hata hivyo, undugu wa damu na lugha haubadili uraia wa mtu. Mke aliyevuka kumfuata mumewe, au mume aliyehamia kwa mkewe, hubaki raia wa nchi yake mpaka sheria itakaposema vinginevyo. Aghalabu watu huligundua hilo siku mbaya: mume amefariki, shamba linagombaniwa, na mjane anaulizwa, "Wewe ni nani hapa?" Hana cheti cha ndoa, hana hati ya kukaa, na watoto wake hawakuandikishwa popote. Somo hili limeandikwa ili siku kama hiyo isimkute mtu mikono mitupu. Tunawaomba mume na mke walisome pamoja.

Hatua ya kwanza: ndoa itambuliwe na sheria

Maombi yote ya uhamiaji yanayotokana na ndoa husimama juu ya jambo moja, nalo ni uthibitisho kwamba ndoa ipo na ni halali. Maneno ya wazee ni ya heshima, lakini afisa wa uhamiaji hutaka cheti.

Kwa ndoa ya kimila nchini Uganda, sheria ya usajili ya mwaka 1973 inawataka wanandoa wafike kwa msajili katika muda usiozidi miezi 6 baada ya kukamilika kwa sherehe. Msajili huyo ni chifu wa gombolola, au karani wa mji kwa wakazi wa manispaa. Waende na mashahidi wasiopungua 2 walioshuhudia sherehe hizo. Kwa ndoa ya serikali, tangazo hubandikwa kwa siku 21 ili mwenye pingamizi alitoe. Ndoa za kanisani na msikitini nazo zina taratibu zake. Wanandoa wahakikishe kwamba aliyewafungisha ana mamlaka ya kisheria, na kwamba taarifa za ndoa yao zimefika kwa msajili.

Upande wa Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za aina zote zisajiliwe, za kimila zikiwamo. Kwa hiyo wale waliofunga ndoa Busia ya Kenya kisha wakahamia Busia ya Uganda hawana sababu ya kufunga ndoa upya. Wachukue cheti chao kule ndoa ilikofungwa.

Mambo matatu huharibu ndoa tangu mwanzo. La kwanza ni umri: Katiba ya Uganda, ibara ya 31, inaruhusu ndoa kwa mwanamume na mwanamke waliotimiza miaka 18. La pili ni hiari: pasipo ridhaa ya wote wawili hapana ndoa. La tatu ni ndoa nyingine iliyofichwa. Mtu aliyefunga ndoa ya mke mmoja, kanisani au serikalini, hawezi kuoa tena ilhali ndoa ya kwanza ingali hai. Kufanya hivyo ni kosa la jinai. Anayeposwa kutoka ng'ambo asione haya kuuliza, na wazazi wake wasione haya kumtuma mtu akachunguze.

Hatua ya pili: kuingia na kukaa kwa hati sahihi

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia nchi nyingine mwanachama bila viza, na kupewa ruhusa ya kukaa kwa muda usiozidi miezi 6. Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Rwanda na Uganda wanaweza kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Anayetoka Tanzania achukue pasi ya kusafiria au hati ya muda ya safari.

Urahisi huu ndio unaowaponza wengi. Mtu huvuka kwa kitambulisho kwenda sokoni na kurudi, kisha anaolewa, anazaa, na miaka inapita bila kumbukumbu yoyote kwamba alipata kuingia nchini. Wengine hupita njia za panya kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Siku anapotakiwa kuthibitisha muda aliokaa na mwenzake, hana hata muhuri mmoja. Kwa hiyo tunashauri: anayevuka kwa nia ya kuishi kwa mwenzake apite kituoni na aandikishwe.

Anayekusudia kukaa moja kwa moja huombewa hati ya mtegemezi katika Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Aanze maombi kabla ruhusa aliyopewa mpakani haijaisha. Hati hiyo ni ya kukaa na familia. Anayetaka kuajiriwa aulize habari za kibali cha kazi.

Hatua ya tatu: uraia

Ndoa haimpi mtu uraia siku ya harusi. Humfungulia mlango wa kuomba, na kila nchi ina mlango wake.

Uganda: Ibara ya 12 ya Katiba inampa mtu aliyeoana na Mganda haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, akithibitisha ndoa halali iliyodumu miaka 3 au muda mwingine uliowekwa na Bunge. Kwa sababu Bunge lina mamlaka ya kubadili muda huo, waombaji waulize muda unaotumika sasa kabla hawajajaza fomu. Ibara hiyo hiyo inasema kwamba aliyekwisha kusajiliwa haupotezi uraia wake kwa kuvunjika kwa ndoa.

Kenya: Ibara ya 15 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka ndoa iwe imetimiza miaka isiyopungua 7. Haki hii ni ya mume na ya mke sawasawa.

Tanzania: Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia wa tajnisi kwa msingi wa ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana nafasi hiyo. Hufuata njia ya kawaida ya tajnisi, ambayo ni ndefu zaidi.

Kabla ya kuomba uraia mpya, mume na mke wajadili kitakachopotea. Uganda na Kenya zinaruhusu uraia wa nchi mbili kwa masharti yake. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mtanzania anayechukua uraia wa Uganda kwa hiari yake hupoteza ule wa kwao. Je, ana shamba la urithi huko? Ana wazazi wa kutunzwa? Kwa baadhi ya familia, hati ya kukaa inatosha, na hapana aibu katika kubaki nayo.

Watoto wasisubiri

Mtoto ambaye mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake, ni raia wa Uganda kwa kuzaliwa, ni raia wa Uganda kwa kuzaliwa, awe amezaliwa Tororo au Kisumu. Katiba ya Kenya nayo humpa uraia mtoto wa baba au mama Mkenya. Lakini haki isiyoandikwa ni vigumu kuidai. Mwandikisheni mtoto mapema, majina ya wazazi wote wawili yakiwa kamili, na msingoje mpaka shule au hospitali iulize cheti. Hali ya baba au mama katika uhamiaji isiwe sababu ya kumficha mtoto.

Faili moja, watu wawili

Mume na mke wafungue faili moja na wote wawili wajue liliko. Ndani yake wawekemo cheti cha ndoa, nakala za pasi na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya mwenyekiti wa LC1, mkataba wa nyumba au kiwanja, risiti za ada, picha za familia, na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi wa nchi ya mgeni. Waandike katika karatasi moja tarehe ambayo kila hati inaisha.

Majina yalingane. Mtu anayeitwa kwa jina la ubatizo katika cheti kimoja, na kwa jina la ukoo peke yake katika kingine, huonekana kuwa watu wawili. Arekebishe kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo kabla ya kupeleka maombi.

Wakiitwa kwa mahojiano, wasikariri majibu. Afisa anaweza kuuliza walikutana wapi, nani analipa karo, mama mkwe anaitwa nani. Wanaoishi pamoja huyajua hayo bila kufundishwa. Na asiyejua aseme hajui. Jibu la uongo juu ya jambo dogo hutia shaka katika makubwa yote.

Panapo hatari

Jihadharini na madalali wanaojidai kuwa na "mtu wao ofisini". Ada za serikali hulipwa benki kwa namba ya malipo, na mlipaji hubaki na risiti. Anayetaka fedha mkononi bila risiti anakuibia. Anayekutafutia "mume wa karatasi" au "mke wa karatasi" anakutia jela, kwa kuwa uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa, na aliyetoa maelezo ya uongo anaweza kushtakiwa.

Ipo hatari nyingine iliyo kimya zaidi. Baadhi ya waume na wakwe huficha pasi ya mke mgeni, kisha humwambia, "Ukienda polisi utarudishwa kwenu." Pasi ni mali ya serikali iliyoitoa, na mwenye kuitunza ni yule aliyeandikwa ndani yake. Kupigwa ni kosa chini ya Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010, hata kama aliyepigwa hati yake imekwisha. Kumleta msichana kwa ahadi ya kazi kisha kumwoza kwa nguvu ni usafirishaji haramu wa binadamu chini ya sheria ya mwaka 2009. Mwenye shida hiyo afike katika Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia kwenye kituo cha polisi kilicho karibu. Kwa mambo ya watoto, simu ya bure ni 116. Majirani nao wasiseme "hayo ni ya nyumba ya watu".

Ndoa ya mpakani huunganisha koo, masoko na lugha. Inastahili kulindwa kwa karatasi kama inavyolindwa kwa mahari na baraka za wazee.

Maswali ya kujadiliana katika baraza

1. Je, katika kijiji chetu, ni ndoa ngapi za watu wa nchi mbili ambazo hazijasajiliwa, na ni kwa sababu gani?

2. Mjane mgeni akinyang'anywa shamba leo, ni hati zipi zingemsaidia? Angezipata wapi?

3. Mume na mke wafanye nini iwapo nchi ya mmoja wao hairuhusu uraia wa nchi mbili?

4. Wazee na viongozi wa dini wanaweza kuulizia nini kabla ya kubariki ndoa inayovuka mpaka?