Nahamishiwa Iringa, nyumba ya Uyole haijauzika

Swali: Kampuni inanihamishia Iringa mwezi ujao, lakini nyumba yetu ya Uyole, Mbeya, haijapata mnunuzi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, usiuze kwa pupa. Dalali akijua tarehe yako ya kuondoka, bei itaporomoka. Kabla hujasaini barua ya uhamisho, omba gharama za kusafirisha mizigo na pango la miezi mitatu huko Iringa, Kihesa au Mtwivila, na yote yaandikwe humo humo. Nyumba ipangishe kwanza. Watumishi wa utafiti wa kilimo Uyole ni wapangaji wazuri. Na kuuza nyumba ya ndoa kunahitaji ridhaa ya mwenzi wako chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971: iandaeni mapema, kwa maandishi, pamoja na hati.