Samaki wa Maji ya Magadi



Kikundi kimoja cha upande wa Elmenteita kimetuuliza: "Kisima chetu kina maji ya magadi. Mbona tusichukue wale samaki wadogo wa Ziwa Nakuru tukawafuga?" Kabla hamjashika jembe, tumjue kwanza samaki mwenyewe.

Kwao ni Ziwa Magadi, huko Kajiado. Wataalamu humwita Alcolapia grahami, naye ni ndugu wa ngege. Huishi kwenye vidimbwi vya chemchemi za moto kando ya ziwa, ambako joto la maji hufika nyuzi 40 hivi. Ukali wa magadi, ule unaopimwa kwa pH, hufika 10. Maji safi ni kama 7.

Sasa anaishije humo? Kila samaki akila, mwilini hubaki taka iitwayo amonia. Mnaijua: ni ile harufu inayochoma pua ukifungua banda la kuku asubuhi. Samaki wengine huitoa kupitia matamvua, yale mashavu mekundu ya kupumulia. Lakini kwenye magadi makali amonia haitoki vizuri. Hujaa mwilini ikamuua. Huyu wa Magadi huigeuza kwanza kuwa yurea, ileile ya gunia la mbolea, ndipo anaitoa. Ngege wa kufuga hawezi hivyo.

Tena usiku hewa ikipungua majini, hupanda juu akameza hewa kwa mdomo, na kibofu chake cha hewa kikafanya kazi kama pafu. Mama naye hulea mayai mdomoni. Chakula chao ni ukijani wa majini.

Nakuru aliletwa na watu, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ili ale viluwiluwi vya mbu. Mbu bado tunao! Waliofaidi sana ni ndege mwari: hutaga Elmenteita, kisha huruka hadi Nakuru kuvua.

Basi turudi kwa kisima chenu. Ziwa Nakuru liko ndani ya mbuga ya taifa, na kuvua humo bila ruhusa ni kosa. Hata mngepewa ruhusa, huko kwao Magadi samaki huyu mara nyingi hafiki sentimita 10. Mtauza nini sokoni? Na mkitia ngege wa kawaida kwenye maji hayo, huenda mkaamka wanaelea. Yeye hutaka pH ya 6.5 hadi 9 hivi.

Kwa hiyo msilipe wachimbaji bado. Jazeni chupa safi, mpelekeeni afisa wa uvuvi aipime. Bwawa likishakuwapo, pimeni alfajiri na tena saa tisa mchana, maana maji yenye ukijani hupanda pH jua likiwaka. Kipimo kikizidi 9, afadhali bwawa la maji ya mvua, hata likiwa dogo.

Ya kujadili kikundini: Maji yetu yana pH gani? Nani atapeleka chupa, na lini?