SOMO LA TISA: KUNUNUA NYUMBA YA SHIRIKA



Katika somo lililopita tulisoma stakabadhi ya mizani ya pamba. Leo tutasoma juu ya karatasi kubwa zaidi, yaani mkataba wa kununua nyumba. Ukiielewa vizuri, utapata makazi bora. Ukiitia sahihi bila kuielewa, unaweza kupoteza nyumba, ng'ombe na amani ya watoto wako. Soma polepole, na uwe na kalamu mkononi.

1. Nyumba hizi zimetoka wapi?

Mwaka 1962, mara baada ya Uhuru, Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa ili watu wa kipato kidogo wapate nyumba bora. Mwaka 1973 Benki ya Nyumba ilianza kazi ya kukopesha wafanyakazi na wakulima. Benki hiyo ilikufa mwaka 1995. Sababu moja ni kwamba wengi waliokopa hawakulipa.

Katika miaka ya 2010 Shirika lilijenga nyumba za gharama nafuu katika wilaya mbalimbali nchini, kama vile Uyui katika mkoa wetu wa Tabora. Baadhi ya watu wa Igunga nao hutamani kununua nyumba za namna hii. Wengine wanataka kuishi humo. Wengine wanataka kuzipangisha.

Lakini neno "nafuu" lisikudanganye. Nafuu kwa nani? Hilo ndilo swali la somo hili.

2. Unanunua nini?

Unanunua vitu viwili: jengo, na haki ya kukaa juu ya ardhi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Hakuna anayenunua udongo wenyewe.

Shamba lako kijijini unaweza kulipatia hati ya hakimiliki ya kimila, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa mwanakijiji, hati hiyo yaweza kuwa haina mwisho wa miaka. Nyumba ya mjini ni tofauti. Hati yake ni ya miaka maalum, isiyozidi 99, na kila mwaka unalipa kodi ya ardhi. Ipo pia kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa unaponunua umeme wa LUKU.

Kwa hiyo uliza: Hati ni ya miaka mingapi? Imebaki mingapi? Nitapewa lini?

3. Bei na deni

Zipo njia tatu za kulipa.

(a) Taslimu. Unalipa fedha zote, nyumba ni yako.

(b) Mpangaji mnunuzi. Unaishi ndani huku unalipa kidogo kidogo, mpaka bei imalizike. Njia hii Serikali iliikubali kwa wakazi wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, ambao majengo yao mapya yalifunguliwa mwaka 2022.

(c) Mkopo wa benki. Wewe unatoa sehemu ndogo. Benki inalipa iliyobaki. Wewe unairudishia benki pamoja na riba, na nyumba ni rehani mpaka deni liishe.

Tuchukue mfano wa mkopo. Nyumba inauzwa shilingi 40,000,000. Wewe unatoa 4,000,000. Benki inatoa 36,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka 15. Rejesho lako litakuwa kama shilingi 504,000 kila mwezi. Fanya hesabu:

504,000 x miezi 12 = 6,048,000 kwa mwaka.
6,048,000 x miaka 15 = 90,720,000.

Umeona? Ulikopa milioni 36, utarudisha zaidi ya milioni 90. Hapo hakuna wizi. Ndivyo riba ilivyo. Ubaya ni kutojua kabla ya kutia sahihi.

Sasa fikiri jambo jingine. Mwalimu au mganga hupata mshahara kila mwezi. Wewe unauza pamba mara moja kwa mwaka. Benki haingoji pamba ipasuke. Mwaka wa ukame mbuga ya Wembere hukauka, ng'ombe hukonda, na bei yao mnadani hushuka. Rejesho halishuki. Ukishindwa kulipa, benki itakupa notisi, na mwisho yaweza kuiuza nyumba.

Wengine huuza maksai wa plau ili wapate fedha ya kuanzia. Usifanye hivyo. Maksai ndio wanaolima shamba, na shamba ndilo litakalolipa deni. Ukiuza maksai utalipa kwa nini?

4. Kuishi au kupangisha?

Ukinunua nyumba ili uishi, jiulize: Shamba liko wapi? Mtu wa Choma au Ziba akihamia Igunga mjini, nani atalinda mazao na mifugo?

Ukinunua ili upangishe, fanya hesabu kwanza. Tuseme nyumba ile ya milioni 40 inapangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi:

200,000 x miezi 12 = 2,400,000 kwa mwaka.
Toa 400,000 za kodi, matengenezo na miezi isiyo na mpangaji.
Zinabaki 2,000,000.
40,000,000 ÷ 2,000,000 = miaka 20.

Ukiwa umelipa taslimu, fedha yako itarudi baada ya miaka 20. Kama umekopa, mpangaji anakupa 200,000 na benki inataka 504,000. Kila mwezi utatoa mfukoni shilingi 304,000. Mapato yatakuwa ya benki, na jasho litakuwa lako.

Basi, nyumba hizi ni mbaya? La. Zinamfaa mwenye mshahara, au mwenye akiba ambayo haikutoka kwenye mbegu na maksai. Zinaweza kumfaa pia mwanao aliyeajiriwa. Kwa mkulima asiye na mapato ya kila mwezi, mara nyingi ni heri kuijenga nyumba yake kijijini hatua kwa hatua: mwaka huu tofali za kuchoma, mwakani bati, mwaka wa tatu saruji ya sakafu. Nyumba ya namna hiyo huchelewa, lakini haidaiwi.

5. Jina la nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Akina mama, msikubali kuambiwa "weka sahihi tu." Someni kwanza. Mkinunua pamoja, majina yote mawili yaandikwe katika hati. Mwenzako akifariki dunia, karatasi itasema kwa niaba yako.

6. Kabla ya kutia sahihi

- Nenda ofisini mwenyewe. Usimtume dalali.
- Ione nyumba kwa macho yako: paa, maji, choo, mipaka.
- Uliza Ofisi ya Ardhi kama hati ni halali na haina deni.
- Uliza jumla ya fedha zote utakazolipa, siyo rejesho la mwezi tu.
- Lipa kwa akaunti ya shirika, siyo mkononi mwa mtu. Tunza stakabadhi zote.
- Chukua mkataba nyumbani. Usome na mwenzako. Usichoelewa, uliza.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MANENO MAPYA

Riba: fedha ya ziada unayolipa kwa sababu ya kukopa.
Rejesho: fedha unayorudisha kila mara ili kupunguza deni.
Rehani: mali inayoshikwa mpaka deni lilipwe.
Taslimu: malipo ya mara moja.

MASWALI

1. Kwa nini mkopo wa kulipa kila mwezi ni mgumu kwa mkulima wa pamba?
2. Taja tofauti moja kati ya hati ya kijijini na hati ya mjini.
3. Nyumba inauzwa 24,000,000 taslimu. Kodi ya pango ni 150,000 kwa mwezi. Gharama za mwaka ni 300,000. Fedha itarudi baada ya miaka mingapi?
4. Jadilianeni darasani: Katika kijiji chetu, nani anafaa kununua nyumba ya shirika, na nani hafai? Toeni sababu.