SOMO LA MWEZI: Baada ya Mafuriko, Kazi Ianze Juu ya Kilima



Mafuriko yakiisha, kila mtu hutazama palipoharibika: tuta lililobomoka, mahindi yaliyolala, mchanga uliofunika maharagwe. Hapo ndipo hushika jembe akaanza kazi. Nia yake ni njema, lakini mara nyingi mvua inayofuata hubomoa tuta lile lile. Somo letu ni hili: matengenezo yaanze pale maji yanapoanzia, na yafanywe na majirani pamoja.

Kwa nini maji huwa mengi

Mwaka 1961 Ukambani ulikuwa katika ukame mkali, kisha mwezi wa Oktoba mvua kubwa ikaanza na kuleta mafuriko. Wazee wanaiita njaa ile Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa sababu chakula kililetwa kwa ndege. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifanya uharibifu tena. Mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, zaidi ya watu 250 walikufa katika Kenya, na hapa kwetu mji wa Athi River uliingiliwa na maji.

Ukame ukitangulia, majani huliwa na mifugo yakaisha, na ardhi hubaki uchi. Matone ya mvua huipiga ikafunga kama sakafu. Maji yasipoingia ardhini hukimbia, nayo huchukua udongo mzuri.

Siku za kwanza

1. Chemsha maji yote ya kunywa. Kisima kilichoingiwa na mafuriko huenda kimechanganyika na uchafu wa choo.

2. Anika mahindi yaliyolowa upesi juu ya turubai, si juu ya udongo. Yenye kuvu usile, wala usimpe ng'ombe au kuku. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika Machakos, Makueni, Kitui na wilaya za jirani kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa katika mahindi. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

3. Mnyama aliyekufa usimchune wala usimle. Mwambie daktari wa mifugo. Baada ya mvua za 1997, Homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo mingi katika Kenya.

Kutengeneza shamba

Kwanza, panda juu ya kilima pamoja na majirani, mfuate alama za maji mpaka mwone yalikotoka. Pengine ni barabara, pengine ni njia ya ng'ombe, pengine ni malisho yaliyokwisha majani.

Pili, chimbeni mtaro wa kukinga maji juu ya mashamba yote. Udongo wake hutupwa upande wa chini. Mtaro uteremke kidogo tu, upeleke maji polepole mpaka kwenye njia ya maji iliyoota majani. Kwanza otesheni majani katika njia hiyo. Maji yakipelekwa mahali penye udongo mtupu, mtakuwa mmechimba korongo jipya kwa mikono yenu.

Tatu, baada ya hayo, tengenezeni matuta ya fanya juu, mkianza la juu kabisa na kushuka. Pimeni usawa kwa kamba, miti miwili na pima maji, jicho hudanganya. Chimbeni mfereji wa futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, mkitupa udongo upande wa juu. Pandeni nepia juu ya tuta, au makarikari penye ukavu.

Nne, ikiwa msimu haujaisha, panda vitu vinavyokomaa upesi: kunde, ndengu, au mahindi ya Katumani yaliyotokana na kituo cha utafiti hapa Machakos.

Nani atatoa ardhi?

Hapa ndipo penye ugumu. Katika mashamba ya makazi, mipaka mingi ilipigwa kwa mstari ulionyooka, lakini maji hufuata mteremko. Basi njia ya maji lazima ipite katika shamba la mtu fulani, naye atapoteza kipande cha kulima. Akikataa, wote walio chini wataumia. Akilazimishwa, ataijaza mara watu wakiisha kuondoka.

Afadhali mkae kikao mbele ya chifu na bwana shamba au bibi shamba, mpatane. Aliyetoa ardhi apewe majani yote ya njia ile kwa ng'ombe wake, na mwethya ianze kuchimba matuta yake kabla ya mengine. Patano liandikwe. Matuta mengi ya Machakos yalichimbwa na mwethya, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na akina mama. Kwa hiyo akina mama nao wawe na sauti katika kikao.

Maswali ya kujipima

1. Maji yaliyoharibu shamba lako yalianzia wapi? Je, umefika huko?
2. Kwa nini majani huoteshwa kabla ya kuchimba mtaro?
3. Mahindi yenye kuvu yakipikwa sana, je, yanafaa kuliwa?
4. Shamba lako liko juu au chini? Una neno gani la kumwambia jirani yako kabla ya mvua ijayo?

Someni maswali haya katika mwethya yenu, na la nne mlijibu mkiwa mmesimama juu ya kilima.